Wateja wa Flor Alba Siachoque

Ludy Tibaduiza alishuka kwenye basi pale Monguí amelikumbatia begi lake, na wala si kwa baridi. Baridi ya milimani ameizoea tangu utotoni, kwao Sogamoso ni hapo chini tu. Alilikumbatia kwa sababu hii ilikuwa kazi ya kwanza kuletwa kwake kwa jina lake. Miaka yote aliyokaa Bogotá alikuwa anapewa tovuti za wenzake azitie rangi. Mmoja anazungumza na mteja, mwingine anachora, Ludy anapaka. Sasa alikuwa ameacha kazi ile na kurudi nyumbani, na Mama Flor Alba Siachoque, mwenye karakana ya kushona mipira ya miguu, alikuwa amempigia mwenyewe.

"Nataka tovuti," alisema kwenye simu. "Njoo tuzungumze."

Lakini Ludy na kiherehere chake hakungoja hayo mazungumzo. Ndani ya begi lake, kwenye kompyuta, kila kitu kilikuwa tayari: uwanja wa kijani kibichi, na katikati yake mpira mweupe unaozunguka polepole, unang'aa kama umepakwa mafuta. Alipoufanya uzunguke mara ya kwanza alijipigia makofi peke yake jikoni kwa mama yake.

Karakana ilinuka gundi na ngozi. Mipira ilikuwa imening'inizwa darini kila mahali, na chini yake wanawake walikaa kwenye viti vifupi, kila mmoja na mpira kati ya magoti, sindano mbili mkononi, wakivuta uzi uliopakwa nta. Mama Flor Alba alikuwa mfupi, vidole vyote vimezungushiwa plasta. Alimketisha Ludy karibu na jiko la kuni na kumpa kikombe cha maji moto ya sukari guru, kipande cha jibini kimezama ndani.

"Kunywa kwanza, mwanangu. Umepauka."

Kaka yake, Eurípides, hakuwa na subira ya vikombe. Alikuwa mtu wa tumbo na sauti, amevaa ruana, vazi zito la sufu la kujitupia mabegani, na ndiye aliyekuwa akiongea na watu wa nje kwa niaba ya karakana.

"Sikiliza, binti," alisema kabla hata hajakaa. "Jirani zetu wa kule chini wana tovuti. Ina mpira unazunguka. Sisi wetu uzunguke kwa kasi kuliko wa kwao."

"Na picha yako, Pide?" aliuliza Mercedes, mshonaji mkongwe kuliko wote pale. "Nayo izunguke?"

"Picha yangu itulie. Watu waione vizuri."

Wanawake wakacheka. Mkono wa Ludy ulikuwa umeshafika kwenye zipu ya begi. Mpira unaozunguka! Si ndio huo alionao? Angefungua kompyuta pale pale na mzee yule angemkumbatia, kazi ingekuwa imekwisha kabla jibini halijayeyuka. Lakini akalikumbuka duka moja la viatu kule Bogotá. Tovuti yake aliipaka rangi mara tatu, ikafunguliwa kwa keki na picha, halafu mwenye duka akauliza, "Mbona hakuna mahali pa mtu kusema anavaa namba ngapi?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote tangu mwanzo. Ludy akaiachia zipu.

"Kabla mpira haujazunguka, don Eurípides, nina maswali. Mtu akiifungua tovuti yenu, mnataka afanye nini?"

"Ashangae!"

"Akishashangaa?"

Mzee alijikuna shingo. "Akishashangaa, anunue."

"Nani huyo?"

"Nani tena? Watu!"

"Watu gani? Mpira wa mwisho kutoka humu ndani, alinunua nani?"

"Watalii. Ile midogo ya kutundika kwenye kioo cha gari."

"Watalii wapi!" Mercedes alisema. "Huja siku za sikukuu, wanapiga picha, wanaondoka. Shule ndizo zinanunua."

"Shule zinakopa."

"Zinakopa lakini zinanunua."

Ikazuka kelele ya kila mtu kusema lake. Ludy aligeuza kichwa huku na huku, akijihisi kama aliyefungua mlango wa nyumba ya watu akawakuta katikati ya ugomvi uliokuwepo siku nyingi. Kisha akagundua kwamba mtu mmoja tu alikuwa kimya. Mama Flor Alba alikuwa ameinamia mpira wake, anashona.

"Na wewe mama? Simu yako ikilia, huwa ni nani?"

Flor Alba alimtazama kaka yake kwanza. Alifungua mdomo, na kama vile simu imesikia ikitajwa, ikaanza kulia mfukoni mwa aproni yake. Akainuka akaenda mlangoni, sauti chini.

"Ndiyo, baba... Ninao mmoja tu kwa sasa... Ndiyo, unalia vizuri. Nimeujaribu mwenyewe."

Ludy aliweka kikombe chini. "Mpira unalia?"

"Achana na hayo, binti," Eurípides alipunga mkono. "Ni mambo yake ya njuga. Kazi ya huruma hiyo, haiingii kwenye tovuti."

Flor Alba alikata simu. "Si huruma, Pide. Wananunua."

Alipiga magoti akauvuta mpira mmoja chini ya meza ya kukatia ngozi. Kwa macho ulikuwa mpira kama mingine. Aliutikisa, na karakana nzima ikajaa mlio mkali wa njuga.

Basi hapo mama yule akaeleza, mwanzo kwa aibu, halafu kwa kasi, kama mtu aliyefunga maneno kifuani muda mrefu. Alikuja mchezaji asiyeona, akitafuta mtu wa kumshonea mpira wa kusikika, kwa sababu ile inayotoka ng'ambo huchelewa kufika na hufa upesi. Flor Alba alijaribu akakosea, akajaribu tena, mpaka akapata namna ya kushona vifuko vidogo vya njuga kati ya ngozi na blada, ule mfuko wa hewa wa ndani, bila mpira kuyumba. Yule akamwambia mwenzake, naye akamwambia mwenzake. Sasa alikuwa akiishona Jumapili.

"Jumapili ipi?" kaka yake aliuliza.

"Wewe ukiwa kanisani."

"Na sisi tukimsaidia," Mercedes alisema bila kuinua kichwa.

Wanawake wote waliangua kicheko. Eurípides aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyegundua kwamba nyumbani kwake kuna chumba asichokijua.

"Wanapiga sana?" Ludy aliuliza.

"Sana?" Mercedes alisema. "Simu yake ukiiweka mezani inatembea yenyewe."

"Mama, mpigie huyo wa sasa hivi. Tafadhali. Nina maswali ya kumuuliza."

Huyo wa sasa hivi alikuwa Deimer Palomeque, nahodha wa timu ya wasioona kule Quibdó, upande wa joto na mvua. Waliiweka simu juu ya meza ya kukatia, sauti ikafunguliwa yote, wanawake wakasogea na mipira yao.

"Nani huyo mbunifu?" Deimer aliuliza. "Dada, wewe ndiye utakayenichorea picha nzuri nisiyoiona?"

Mercedes alijichoma sindano. Kisha Deimer mwenyewe akapasuka kwa kicheko kule aliko, na karakana ikafuata.

Ludy alicheka pia, lakini masikio yalikuwa yamemwaka moto. Aliuwaza mpira wake mweupe mle ndani ya begi, unavyozunguka na kung'aa bila kumwambia mtu huyu neno hata moja. Ajabu ni kwamba hakusikitika. Alijisogeza karibu zaidi na simu.

"Nionyeshe unavyotumia simu yako," alisema. "Yaani, nisikilizishe."

Deimer alifungua tovuti moja ya kuuza mipira. Sauti ya simu yake ikasikika, ikisoma kwa kasi ambayo hakuna mtu mle karakanani aliyeshika neno.

"Mama yangu!" alisema Flor Alba. "Huyo anakimbizwa na nani?"

"Hiyo ndiyo kasi yangu. Ngoja niipunguze kwa ajili yenu wazee." Sauti ikashuka: *Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.* "Mmesikia? Kitufe cha nini, ndugu zangu? Cha kununua au cha kulipua bomu? Nami nibonyeze tu?"

"Ukifungua ya kwetu, unataka kujua nini kwanza?"

"Mpira unalia vipi. Mengine yote nitasubiri. Kuna mipira inalia kama kopo la maharage, tunagongana vichwa uwanjani. Huu wa Mama Flor niliununua kwa kubahatisha nikapata bahati. Lakini nisibahatishe kila mara. Hebu nao huo mpya niusikie."

Flor Alba aliutikisa karibu na simu.

"Hapana, mama. Mpira hautikiswi uwanjani. Uviringishe."

Akauviringisha kwenye sakafu.

"Hiyo ni mbao. Nani anacheza kwenye mbao? Nipe mahali pagumu."

Ludy alishanyakua simu mezani. Walitoka nje wote, aproni na sindano na kila kitu, mpaka kwenye barabara ya mawe inayoteremka kuelekea daraja. Flor Alba aliuweka mpira chini, akarudi nyuma, akasita.

"Nipe huo," alisema Eurípides.

Akaupiga. Aliupiga kwa nguvu zote alizozikusanya tangu asikie habari za Jumapili. Mpira ukaruka, ukatua kwenye mawe, ukaanza kuteremka huku njuga zikipiga kelele, na Ludy akaukimbilia ameinama, simu imeshushwa karibu na ardhi. Wanawake nyuma yake. Mbwa wa mtu akajiunga. Hewa ya mlimani ilimkata kifua, lakini aliisikia sauti ya Deimer ikipanda kama mtangazaji wa redio.

"Unateremka! Unaruka, unaruka... sasa uko mbali, dada, unakuacha! Ukuta! Umegonga ukuta! Unarudi... unarudi... sasa siusikii. Umesimama?"

"Umesimama," Ludy alihema.

"Hapo! Ukisimama unanyamaza. Mipira yote ina shida hiyo, hata ya ng'ambo. Niandikie hivyo hivyo kwenye tovuti yako, usinifiche. Ukiniambia ubaya wake, na uzuri wake nitauamini."

Eurípides alifika anapumua kwa kelele, akapokonya simu. "Kijana! Mimi ndiye niliyepiga. Umesikiaje?"

"Mzee, nimesikia mtu amepiga mpira amevaa blanketi."

Mercedes alilazimika kukaa chini, barabarani, kwa kucheka. Eurípides alijitazama ile ruana yake iliyomfika magotini, akajaribu kukasirika, akashindwa.

Waliporudi ndani maswali ya Ludy yalipata majibu ya kweli. Mnaweza kushona mipira mingapi ya njuga kwa wiki mkiishona mchana, siyo kwa kujificha? Mercedes na wenzake wakahesabu, wakabishana, wakakubaliana, na ikaamuliwa kwamba tovuti imwambie mtu atasubiri muda gani kabla hajalipa. Mteja akikwama ampigie nani? Nani atajibu ujumbe, na saa ngapi? Watalii nao wawekwe wapi?

"Njuga mbele," alisema Flor Alba, na safari hii hakumtazama mtu. "Shule zifuate. Watalii mwisho."

Wote wakamgeukia kaka yake. Alikuwa anachokoa makaa ya lile jiko la kuni.

"Mtu anapiga simu kutoka Quibdó," alisema taratibu, "anasubiri, analipa, anarudi tena. Halafu mimi nasema huruma." Akatikisa kichwa. "Mimi nipeni ile sauti. Mtu kabla hajausikia mpira, anisikie mimi: 'Huu ni mpira wa Siachoque, kwenye mawe.' Halafu unakuja mlio."

"Mungu atusaidie," Mercedes alisema.

"Wazo zuri," alisema Ludy, naye alimaanisha.

Kwenye basi la kurudi alifungua kompyuta, akauangalia ule mpira mweupe kidogo, akaufuta pamoja na uwanja wake, akaanza upya na ukurasa wenye maneno matupu. Alikuwa anatabasamu peke yake kiasi kwamba bibi aliyekaa pembeni alimuuliza kama anaolewa.

Aliwatumia watu sita wasioona, wateja wa Flor Alba, tovuti ile ingali mifupa mitupu, maneno na milio tu, akawaomba wamwambie wanapotea wapi. Walimwambia, tena bila kumwonea haya. Siku Deimer alipoahidi kujaribu kuagiza mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, Ludy alipanda tena Monguí, wakaizunguka simu ya Ludy juu ya meza ile ile. Kila mtu alishika sindano lakini hakuna aliyeshona.

Walimsikia akifungua. Wakaisikia sauti ya Eurípides, nzito, kama anasoma tangazo la serikali: "Huu ni mpira wa Siachoque, kwenye mawe." Kisha njuga. Kisha wakasikia ile sauti ya mbio ikisoma, ikisoma, ikakwama.

"Dada, hapa tena umeniwekea 'kitufe'. Cha bomu?"

"Samahani, samahani! Usikate!" Vidole vya Ludy vilipigana na vitufe vya kompyuta. "Haya. Rudi nyuma, uingie tena."

*Thibitisha agizo lako,* simu ilisoma.

Halafu simu ya Flor Alba ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Aliitoa, akasoma akiwa ameisogeza mbali na macho, akaikumbatia kifuani.

"Quibdó," alisema. "Ameagiza mipira minne, na hakunipigia."

"Sasa nakupigia kukusalimia tu, mama," Deimer alisema mezani. "Hujambo?"

Kelele iliyoinuka ilimfanya mbwa wa jirani aanze kubweka. Mercedes alimbusu Ludy mashavu yote mawili, akamwachia uzi wa nta kwenye nywele. Eurípides alikuwa ameshatoka mlangoni, anamweleza mtu yeyote aliyekuwa akipita kwamba sauti yake imesikika mpaka Quibdó, na Flor Alba alivuta kiti chake karibu na dirisha, mchana kweupe, akaanza kukata ngozi ya vifuko vya njuga.