Aliyeshona Ili Nisome

Marehemu mama alikuwa akifika taa za barabarani zikishawaka. Alivua viatu mlangoni, akapangusa kiti kwa kiganja, akauliza kama sura ya nne imerudi.

"Bado, mama. Iko kwa Profesa."

"Ana nini huyo Profesa? Mimi suruali ya bwana harusi sikuwahi kuilaza dukani mpaka harusi ikapita."

Enzi za uhai wake alikuwa fundi cherehani, na kufa hakukumpunguzia haraka. Akishasema yake, alivuta kapu la nguo kutoka chini ya meza na kuanza kupachika vifungo, bintiye akichapa kazi yake upande wa pili. Walikaa hivyo hadi chakula kiive. Mama hakula, alisema harufu inamtosha. Majirani walimsalimia kwenye ngazi kama zamani, isipokuwa yule wa chini, ambaye blauzi yake ilikuwa haijamalizwa msiba ulipotokea. Huyo alimpita amenuna.

Binti alikuwa mwanafunzi wa uzamivu. Katibu muhtasi wa idara alimpachika jina la Mtarajiwa, kwa sababu kila mwaka alitarajiwa kumaliza. Utafiti wake ulihusu jambo lilelile: kwa nini wanaosomea shahada hiyo huishia njiani, na serikali ifanye nini. Aliwafuata walioacha hadi majumbani kwao, akawafuata na waliomaliza. Akagundua kwamba nyuma ya kila aliyemaliza palikuwa na mtu aliyebaki nyumbani akipika, akilea na kuhangaikia kodi, ambaye hakuna bajeti iliyowahi kumtaja. Sura ya nne ilipendekeza mtu huyo atengewe fungu. Wazo lilikuwa la mama. Alilitoa akiwa bado hai, pini zimejaa mdomoni, na wala hakusimamisha cherehani. Ndiyo maana ukurasa wa tabaruku uliandikwa kabla ya kurasa nyingine zote: *Kwa mama yangu, aliyeshona ili nisome.*

Msimamizi wake alikuwa Profesa, na rasimu nzima ilikuwa kwake. Njoo kesho, njoo wiki ijayo, nina kikao wizarani. Mtarajiwa alisubiri kwenye korido mpaka akazijua nyufa zote za ule ukuta.

Jioni moja mama hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Mtarajiwa alidhani amechoka kuuliza, akaacha mlango wazi na kuliweka kapu la nguo juu ya meza ili lionekane. Chakula kiliiva, kikapoa. Marehemu wako huru kwenda wanakotaka, hilo alilijua, lakini pengo lake lilimuuma sana. Aliosha vyombo huku akilia.

Wiki hiyohiyo Profesa alizindua ripoti yake kuhusu sera ya masomo ya uzamivu. Waziri aliisifu na fungu likapitishwa papo hapo. Lilianza kwa kugharimia kamati ya kulisimamia, mwenyekiti akiwa Profesa. Katibu muhtasi alimpa Mtarajiwa nakala bila kumtazama usoni.

Aliisoma amesimama. Sentensi zilikuwa zake, majedwali yake, hata lile alilokosea kujumlisha. Profesa alikuwa na haraka, akabadilisha jalada tu. Baada ya jalada ulifuata ukurasa wenye mstari mmoja: *Kwa mama yangu, aliyeshona ili nisome.*

Hapo akajua mama yuko wapi. Marehemu hufika pale walipotajwa, na kilichopigwa muhuri wa wizara kina nguvu kuliko kilichomo kwenye rasimu. Alikwenda ofisi ya malalamiko. Wakamweleza kwa adabu kwamba malalamiko dhidi ya msimamizi hupitishwa kwa msimamizi. Basi akaenda nyumbani kwa Profesa.

Mke wa Profesa alimfungulia. "Karibu, mdogo wangu. Samahani kwa hivi vipande vya nyuzi, mama mkwe anashona. Wa kwanza nilimzika, Mungu amrehemu. Huyu kaja na ripoti. Hana neno, tunaelewana."

Mama alikuwa sebuleni, akipunguza kiuno cha suruali ya Profesa. Ripoti ilikuwa kando yake, imefunguliwa kwenye ukurasa wake. Uso ulikuwa umemtakata. Mtarajiwa hakuwahi kumwona na furaha ya namna ile, si alipokuwa hai wala baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Kaa, kaa. Umeona mwanangu amemaliza? Na walivyonicheka! Wakisema huyo atazeekea shuleni."

Profesa alikohoa. Nyumbani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemnunulia mama taa nzuri ya kushonea na kumwekea mto mgongoni. Akamwambia Mtarajiwa, tena kwa upole, kwamba hatimaye ameisoma sura ya nne.

"Inafanana mno na ripoti yangu. Itabidi uiandike upya."

Mtarajiwa alikuwa na ushahidi wote kwenye mkoba, rasimu za tangu mwanzo, na njiani alikuwa amejiandaa kusema mengi. Akamtazama mama. Mama alikuwa akiupapasa ule ukurasa kwa kidole gumba, kama alivyopapasa kitambaa cha bei. Mtarajiwa akaona kwamba akisema neno moja tu, mama atarudi kuwa na mtoto ambaye hajamaliza.

"Nitaiandika upya, Profesa."

"Msikilize mwalimu wako," mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Si vizuri kuchukua kazi ya mtu ukaiita yako, binti. Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi usikae sana huku kwetu. Atakuwa anakungoja."