Kura Mbili za Mama

Mama yake, fundi cherehani, aligombea udiwani, na binti akampa kura yake ya kwanza maishani kwa furaha. Mama, baba, shangazi na kaka zake nao walipiga kura katika kituo kimoja na yeye.

Jioni msimamizi alisoma matokeo mlangoni mwa kituo. Mama alikuwa amepata kura mbili. Moja ilikuwa ya binti, nyingine ya mama mwenyewe.

Nyumbani baba alimsogezea mkewe kiti. "Pole, mke wangu. Watu hawana shukrani."

"Sisi tulijitahidi," shangazi akadakia.

Binti alimtazama mama, akajua naye ameshapiga hesabu. Mama aliwashukuru wote kwa kumuunga mkono, kisha akaenda jikoni kuwapikia. Binti alimfuata, akaanza kumenya vitunguu.