Taka za Mgodini

"Walikubali," meneja alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia. "Mkutano mzima wa kijiji ulinyoosha mikono. Unataka nini zaidi, Mhandisi?"

"Walikubali maganda ya viazi."

Alicheka. Mimi sikucheka, basi akakaa chini ya ramani ya mgodi. Ofisi yake ilikuwa kontena lenye feni iliyosukuma vumbi kutoka kona moja kwenda nyingine.

Nimestaafu sasa. Migodi niliyofanyia kazi imenichanganyikia kichwani, shimo hili na lile. Siku ile haijachanganyika.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeteremka kwenye chemchemi kupima maji. Wanawake waliokuwa wakichota walinipisha kama wanavyompisha askari; kofia yangu ngumu ilitosha kuwanyamazisha. Bibi mmoja tu, mwenye mbuzi wengi na mdomo usio na breki, ndiye aliyenisogelea.

"Mwanangu, hizo taka zenu mnaleta lini?"

"Leo, bibi."

"Afadhali. Mbuzi wangu wanapenda maganda ya viazi. Ila mtenge makopo, yatawakata midomo."

Nilibaki na chupa ya maji mkononi. Sisi wa mgodini tunaita taka kila jiwe lisilo na dhahabu. Mlima mzima unaweza kuwa taka. Kwenye mkutano, afisa wetu mmoja alisimama mbele ya watu hawa akawaomba ruhusa ya kumwaga taka juu ya chemchemi yao, nao wakalifikiria jiko kubwa la kantini yetu, wakaona neema imewashukia. Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikamweleza bibi. Mawe yale yana madini ya kiberiti ndani; yakinyeshewa, hutoa maji makali kama ya betri, na maji huteremka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Na wewe uko upande gani?"

Kule kantini nilikuwa nikila peke yangu tangu nilipopinga mara ya kwanza mpango wa lundo lile la taka. Kila nilipoketi, wenzangu walishikwa na haraka ya ghafla. Huku chini nilikuwa kofia. Na nyumbani, binti yangu aliyelelewa na dada yangu alikuwa ameanza kumwita dada "mama", na mimi "mama wa simu". Alisema hivyo bila ubaya, kama anayetaja aina mbili za sabuni.

Nilipanda kilima moja kwa moja hadi kwa meneja, na hapo ndipo tulipofikia.

"Malori yako njiani," alisema. "Kutafuta pengine pa kumwaga kutatusimamisha mwezi mzima. Ukizuia leo, makao makuu watakufukuza, na mimi sitakutetea. Mfikirie mtoto wako, mama."

Nilimfikiria. Nilimfikiria pia dada yangu, ambaye hakuwahi kuniuliza nitarudi lini. Kisha nikanyoosha mkono, nikachukua redio ya mawasiliano iliyokuwa mezani kwake.

"Malori yote ya taka, hapa mhandisi. Simameni mlipo. Msimwage."

Redio ikakoroma. Halafu ikaja sauti ya dereva mmoja, taratibu: "Mama, mimi nimeshafika; bodi la lori langu limeshaanza kunyanyuka."

"Lishushe," nilisema.