Itakayobaki Inawaka

"Zima jenereta," nilimwambia Mshamu, "na waya zote uzichomoe."

Mshamu alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue kanzu sokoni. Juu ya kaunta yake pale Kibiti zilikuwepo laptopu tatu, zote za mtumba kutoka Kariakoo, zote zimefunuliwa. Ya kwanza ilikuwa nene, rahisi, imevunjika kona. Ya tatu ilikuwa nyembamba, inang'aa, na bei yake haikuwa ya watu wanaokula kwa kuwachapia wenzao barua. Mbele ya ile ya kati, ya bei ya kati, alikuwa ameinama mume wangu Mrisho, anaendesha gari jekundu la kwenye gemu huku mabega yake yakilala kulia na kushoto pamoja nalo.

"Shemeji, unataka kufanya nini?" Mshamu akauliza.

"Nataka twende tukanywe chai. Tukirudi, itakayobaki inawaka ndiyo yetu."

Mrisho akacheka. Vipimo vyake yeye vilikuwa vingine. Alikuwa ameshalijaribu lile gemu kwenye zote tatu, akaona ya kwanza inakwamakwama, ya kati inakwenda vizuri kiasi chake, na ya tatu inaruka. "Ya kazi na ya kuchezea kidogo," ndivyo alivyomwambia Mshamu tulipoingia, na hilo neno "kidogo" mimi nililiweka akilini, maana mume wangu nilikuwa namjua. Umeme wa Kibiti wakati ule ulikuwa wa jenereta, na mwenye jenereta alikuwa anaringa kama bwana harusi. Mashine isiyokaa na chaji ingetufanya watumwa wake.

Kabla hatujatoka, Mrisho akamwomba Mshamu aziondolee zote tatu ile tabia ya kujizima kioo mtu akiondoka. Kisha akabonyeza kitufe cha kusimamisha gemu, na maandishi meupe yakatokea katikati ya barabara. "Usipoibonyeza hii," akanifundisha, "gari linakwenda lenyewe mpaka linagonga ukuta, unarudi mwanzo." Nikamwambia elimu hiyo itanifaa sana kaburini. Tulikuwa tunataniana hivyo, sisi.

Ulikuwa ni ule wakati daraja la mto limeshafunguliwa. Mabasi ya kusini hayakungoja kivuko tena, na kila aliyekuwa na fremu ya mlango alikuwa anauza kitu: simu, deki, mapazia, redio zenye taa. Kila mtu alitaka biashara. Sisi yetu ilikuwa taipureta ya marehemu baba mkwe, yenye herufi mbili zilizokufa, na tuliona kabisa kwamba wateja watatuhama.

Pale kwenye chai alikuwepo mtu aliyetoka bondeni asubuhi ile. Alisema mwanamke mmoja amechukuliwa karibu na mashamba ya ng'ambo, na huyo ni wa pili. Watu wakaacha kutafuna. Hakuna aliyeuliza amechukuliwa na nani. Bondeni kwetu hatumtaji kwa jina, tunasema "mwenyewe". Mimi leo nasema simba, kwa kuwa niko mjini na mlango wangu nimeufunga.

Tuliporudi dukani, ile nene ilikuwa giza. Ile nyembamba, pamoja na maringo yake yote, giza. Ya kati ilikuwa inawaka. Mshamu alikuwa nje anapiga soga, duka tupu, na laptopu ile inawaka peke yake bila mtu mbele yake, gari jekundu limesimama barabarani linamsubiri mwenye kuliendesha. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi.

*

Mpunga ulipoanza kuiva tulifunga kibanda cha kuchapia na kushuka bondeni, kama tunavyofanya kila mwaka. Hata wateja wenyewe wanakuwa huko. Ndege wa mchana na nguruwe wa usiku hawana likizo, na asiyekwenda kuamia shamba lake anavuna mabua. Tunaishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti mirefu, unapanda kwa ngazi na usiku unaivuta ngazi juu. Laptopu tulikwenda nayo, kwa sababu kuiacha Kibiti ilikuwa sawa na kumpelekea mwizi mpaka mlangoni.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hakuna kinachoeleweka. Jua likizama bondeni, tunaitana. Mzee Ridhiwani, ambaye dungu lake ndilo la kwanza ukitoka barabarani, anamwita Maneno wa dungu la pili: "Mpooo?" Maneno anajibu "Tupooo!" kisha anaita la tatu, ambalo ndilo letu. Sisi tunajibu na kumwita Bi Salima, mjane wa dungu la nne, na sauti inakwenda hivyo mpaka mtoni. Hata kama uko peke yako hujibu "nipo". Unajibu "tupo", ili anayesikiliza majanini asijue uko mmoja. Na dungu lisilojibu linaendewa palepale, kwa mikuki, madebe na mienge, bila mtu kuuliza.

Mrisho alikuwa na hedifoni. Jioni moja nilikuwa nimekwenda kuota moto kwa Bi Salima, na dungu letu halikujibu. Wanaume wakaja mbio, Maneno amejikata mguu kwenye kisiki, wakapanda ngazi na kumkuta mume wangu amejiziba masikio, anakata kona. Walicheka siku hiyo, kwa hasira lakini walicheka. Mara ya pili hawakucheka. Maneno, na mguu wake umefungwa kitambaa, alisema mbele ya wote: "Mimi huyu simkimbilii tena. Ana mashine yake, imwokoe."

Tangu hapo, nikiwepo nilijibu mimi. Nisipokuwepo, Maneno aliita mara moja kwa kutimiza wajibu, kisha akapaza sauti juu ya vichwa vyetu moja kwa moja hadi kwa Bi Salima, naye akaitikia. Mnyororo ulishajifunza kuturuka. Nilimwambia Mrisho kwamba hilo linanitisha kuliko mwenyewe aliyeko majanini. Akaniambia nina maneno makali. Lakini usiku ule sikumwona akicheza.

Siku ile nilikwenda Kibiti kwa sababu mama yangu aliugua. Asubuhi nilipokuwa nashuka ngazi nilimgeukia.

"Nikiondoka, nani atajibu?"

"Mimi."

"Na masikio utayaazima wapi?"

Akazitoa hedifoni kwenye mfuko, akazining'iniza kwenye mti wa paa, mbali na mkono. "Mwanawetu," akasema, na alikuwa haniiti jina langu ila akiwa hatanii. "Nitacheza bila hivi. Na magharibi nitalisimamisha. Nitajibu mpaka Bi Salima anitukane."

Nilimwamini. Nataka hilo lijulikane.

*

Gari nililorudi nalo lilipasuka tairi mbele kidogo ya Kibiti, na nilipofika ukingo wa mashamba jua lilikuwa limeshashika vichwa vya mikoche. Mzee Ridhiwani aliniona kutoka juu ya dungu lake. Alishuka upesi kwa umri wake, akanishika mkono.

"Hupiti, mwanangu."

"Kwangu si hapo tu, mzee."

"Najua kwako ni hapo. Tangu alasiri nyani wa kule matete hawajapiga kelele. Panda."

Nikapanda. Mke wake alinipa maji. Mpunga ulikuwa umetulia chini yetu, mzito, wa rangi ya kahawia, na kweli nyani walikuwa kimya, wale wezi ambao kila jioni hutukana mpaka giza linawanyamazisha. Mzee akasimama ukingoni, akaweka viganja mdomoni.

"Mpooo?"

"Tupooo!" Maneno akajibu. Kisha nikamsikia akigeukia upande wetu. "Mpooo?"

Nilisubiri sauti ya mume wangu. Nilikuwa nimeshaliandaa neno la kumtania kesho yake.

Kimya.

Maneno hakurudia. Akaita juu zaidi, kwa mbali, na Bi Salima akaitika tupo, na sauti ikaendelea kwenda zake mtoni, dungu kwa dungu, kama vile kati ya Maneno na Bi Salima hapakuwahi kujengwa kitu.

"Mrisho!" nikapiga kelele. "Mrishooo!"

"Mwanangu, usimwite mtu jina saa hizi," Mzee Ridhiwani akasema. Kisha akanigeuza taratibu kwa bega. "Si ule mwanga wake? Tazama. Anacheza. Tumeshamzoea."

Nikatazama. Ulikuwepo. Kule kwetu, juu ya mpunga ulioanza kuwa mweusi, kulikuwa na mwanga wa buluu uliojaa kwenye uwazi wa dungu, umetulia, safi, hautikisiki. Bondeni kote hakuna taa ya namna ile. Mahali pa hofu ikaingia hasira. Nikasema moyoni, huyu leo atanitambua. Nikakaa chini.

Tulisali isha mwanga ukiwa bado unawaka. Mke wa mzee akasema, kwa nia njema kabisa, "Betri yenu ina nguvu, jamani." Nikajibu kwamba niliichagua mwenyewe. Baadaye kidogo mwanga ulififia na kuzimika, na Mzee Ridhiwani akasema haya, kijana amelala.

*

Kulipopambazuka tulikwenda, mzee, Maneno na mimi. Ngazi ilikuwa imeegemezwa, haikuvutwa juu. Chini yake birika la udhu lilikuwa limelala ubavu, na kandambili moja. Kuanzia hapo mpunga ulikuwa umelazwa njia moja pana, imenyooka kuelekea kwenye matete, mashuke yote yanaelekea upande mmoja. Maneno aliitazama njia ile, akaenda kutapika. Tulizika tulichokipata.

Juu ya dungu laptopu ilikuwa wazi, kioo cheusi. Hedifoni zilikuwa palepale kwenye mti wa paa alipozining'iniza.

Watu walisema mengi msibani. Walisema mchezo umemuua, wakasema vitu vya kuletwa ndivyo vilivyo, na bibi mmoja akasema mbele yangu kwamba mume hufuata anachochaguliwa na mke. Nilikuwa na hasira na marehemu, na hasira kwa marehemu haina pa kuitua. Kila nikifumba macho nilimwona ameinama kwenye kile kioo, anakata kona, na wito unapita juu yake.

Nilipotoka eda niliipeleka laptopu kwa Mshamu niiuze. Akaiunganisha kwenye umeme wa jenereta. "Hizi chaji ikiisha hazisahau," akasema. "Zinalala, ukiziamsha zinakuonyesha pale mlipoachia." Akaigeuzia kwangu.

Gari jekundu lilikuwa katikati ya barabara, zima, halijagonga popote. Juu yake yalikuwepo yale maandishi meupe.

Mshamu aliendelea kuzungumza, kitu kuhusu bei. Mimi nilikuwa natazama kitufe alichonifundisha Mrisho, kile ambacho nilimwambia kitanifaa kaburini. Alikuwa amelisimamisha. Amelisimamisha kabla ya magharibi, akashuka kutia udhu, ili jua likizama awe tayari kujibu. Hatukumsikia kwa sababu hakuwepo tena wa kusikiwa. Na sisi sote tulikaa tukautazama ule mwanga tukatulia.

Sikuiuza. Niliibeba vilevile, nikapanda gari, nikaenda kuwaonyesha Mzee Ridhiwani na Maneno, ile betri ikiwa bado ina moto. Nikawaeleza maana ya yale maandishi. Maneno aliuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima yule, akajifunika uso kwa kofia yake.

Msimu uliofuata watu waliniambia nisishuke, nimkodishe mtu shamba. Nilishuka. Jioni ya kwanza nilivuta ngazi juu mapema, nikakaa gizani bila taa yoyote. Mzee Ridhiwani aliita. Maneno akajibu. Kisha akageukia kwangu, na nikasikia kwamba sauti yake inatetemeka.

"Mpooo?"

Akaita tena, na tena, na chini huko nikaona mwenge unawashwa na mtu anaanza kushuka ngazi yake upesi.

"Tupo," nikasema. Kisha kwa nguvu, ili anayesikiliza asikie: "Tupooo!"