Nesi Hakutoa Dawa

Kila mtu pale Subukia alikijua kichwa kilichomuuma Jepkemei kuliko Jepkemei mwenyewe. Wangare, jirani aliyekuja kununua maziwa asubuhi, alisema ni korona, na tangu aliposema hivyo akawa anasimama nje ya lango na kutaka jagi lake lisukumwe kwa fimbo. Mzee wa kanisa alisema ni woga wa mtihani wa darasa la nane. Naye Zeddy, mamake mtoto, aliyeuza viatu vya mitumba kule Bondeni mjini Nakuru, alisema kwa simu kwamba ni uvivu. Akipiga tena jioni, ni ugonjwa mkubwa uliojificha.

Kogo Kobilo, nyanya aliyekaa na Jepkemei, alikuwa amechoka kusikiliza. Hakuwa mtu wa pupa. Ng'ombe akikataa kuachia maziwa, yeye humkuna shingo na kumwimbia hadi aachie. Lakini jambo hili lilikuwa limemfika hapa kooni, maana mtoto alikuwa ameshapelekwa zahanati!

Nesi alikuwa msichana mpole, barakoa usoni na kioo cha plastiki juu ya barakoa. Alimpima Jepkemei joto, akampima malaria, akammulika macho, akamsomesha herufi za ukutani hadi zile ndogo kama mbegu za sukuma. Hakuona ubaya. Ndipo akamwuliza maswali ambayo nyumbani hakuna aliyekuwa ameyauliza. Unalala saa ngapi? Asubuhi umekula nini? Na maji je?

Jepkemei akajibu akiangalia vidole vya miguu. Tangu shule zifungwe, mwalimu wa tuisheni alikuwa akituma picha za kurasa kwa simu, na mama alikuwa ameamuru: hakuna kula mpaka kazi iishe na itumwe. Kichwa kikiuma, kuna tembe za maumivu alizoletewa kutoka Nakuru. Alikuwa akizimeza kila siku.

"Kogo," nesi akasema, "huyu ale kabla ya kusoma, anywe maji, alale mapema, na hiyo simu ipumzike. Hizo tembe aziache. Zikizidi, nazo huleta kichwa. Akianza kutapika, ama asione vizuri, ama kichwa kimwamshe usingizini, mrudishe mbio."

Akawaaga. Wakarudi mikono mitupu, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

"Hakuwapa dawa?" Zeddy aliuliza kwa simu.

"Hakuona haja."

"Hata sindano?"

"Zeddy, amesema mtoto ale."

"Kula ni dawa? Basi hajatibiwa, mama. Mlienda kusalimia watu."

Kogo Kobilo akajaribu. Akapika uji wa wimbi, akautia maziwa na sukari, akauweka mezani. Jepkemei akauangalia tu mpaka ukafanya ngozi juu. "Mama akipiga aniulize kama nimetuma, nitasema nini, Kogo?" Saa sita akawa amelala sakafuni, kiganja machoni, anaomba jogoo anayewika afukuzwe.

Jumamosi Zeddy akafika mwenyewe, na mfuko mwingine wa tembe. Alitaka kumchukua msichana akakae Nakuru, kwa yule mwalimu wa tuisheni, aliyefungia watoto wengine sebuleni mwake kutwa nzima, na jioni atafutiwe daktari wa kutoa dawa. Jepkemei aliposikia akaingia jikoni, akakaa nyuma ya mlango.

"Utamchukua," Kogo Kobilo akasema. "Lakini kwanza ifanye kazi yake ya leo. Darasa la nane si ulipita?"

"Nilipita vizuri sana."

"Basi haitakusumbua. Kaa pale anapokaa."

Zeddy akacheka, akachukua ile simu. Picha ilikuwa imepigwa kombo, kidole cha mwalimu kimefunika swali la tatu, na ufa wa kioo ulikata sehemu katikati, usijue ni nusu au ni robo. Chumba hakikuwa na dari. Jua lilipopanda, mabati yakaanza kulia ta, ta, ta. Kogo Kobilo akakaanga vitunguu, taratibu, dirisha wazi.

"Mama, hata chai?"

"Ukituma."

"Maji basi!"

"Si wewe uliyeweka sheria? Ukituma."

Kutuma nako ni kupanda mpaka kwenye tangi la maji, ndiko netiweki iko. Zeddy akapanda, akashuka, akapanda tena. Aliporudi alikuwa amejifunga leso kichwani na kukunja uso.

"Nani anagonga sufuria? Jamani, wacheni kelele!"

"Kichwa?" Kogo Kobilo akauliza.

"Ni jua tu."

"Ama ni uvivu?"

"Mama!"

Kutoka langoni Wangare akapaza sauti, "Na mamake pia ameshikwa? Si niliwaambia! Msinikaribie!"

Jepkemei akacheka nyuma ya mlango, kicheko ambacho Kogo hakuwa amekisikia tangu mvua za masika. Zeddy akageuka akitaka kukaripia, akamwona mtoto, macho yamezama, shingo nyembamba ndani ya kola. Akaketi. Nyanya akamwekea maji, kisha ugali na mboga, na mwingine mbele ya Jepkemei. Wakala wote wawili.

"Na mtihani je?" Zeddy akauliza mwishowe, sauti chini. "Mimi sitaki auze viatu vya watu, mama."

"Sijasema asisome. Ale, asome asubuhi hakujawa na joto. Maswali tuyanakili kwa karatasi, simu ilale. Tembe urudi nazo. Yale nesi alituambia tuangalie, mimi nitayaangalia."

Zeddy akampigia mwalimu. "Mwalimu, toa kidole kwa picha! Ndiyo, kidole! Na watoto wako huko ndani umewapa maji?"

Jioni akabeba mfuko wake, akatoka peke yake. Jepkemei akamsindikiza mpaka barabarani, Kogo akifuata pole pole.

"Nitapiga kesho niulize kama amesoma," Zeddy akasema.

"Uliza kama amekula."

"Nitauliza yote mawili."

"Anza na kula."

Zeddy akafyonya, akaenda zake.