Kila Jani na Mguu Wake

Tangazo lilibandikwa juu ya ndoano za makoti, mahali ambapo hakuna mzazi angepita bila kuliona. *Watoto hawatagusa wala kuchuma mmea wowote. Somo la maua ya majira ya kuchipua litafundishwa kwa kadi.* Chini yake palikuwa na muhuri wa chekechea na sahihi ya Mkuu, Bi Vida Hribar, yenye mkia mrefu kama wa panya.

Mwalimu Jerneja Kobal alilisoma mara tatu, na kila mara lilimuuma mahali papya.

Kosa lake lilikuwa hili. Jumatano iliyopita aliwachukua watoto wake kumi na wanne, wa miaka minne na mitano, hadi ukingo wa msitu chini ya mlima Nanos. Huko waliyachomoa yale maua ya manjano ambayo Waslovenia wote huyaita tarumbeta, wakayapuliza kwa upande wa nyuma mpaka msitu ukalia kama bendi ya harusi iliyolewa. Baadaye akawapigisha magoti kwenye tope awaonyeshe majani mawili yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa la saumu ya msituni, inayonuka kama kitunguu saumu na kuchanua nyota nyeupe, ambayo majani yake huliwa bonde zima kila Aprili. La pili lilikuwa la ua la Maria, lenye kengele nyeupe za kunukia, majani yasiyo na harufu, na sumu inayokwenda moja kwa moja moyoni. Kabla hayajachanua, macho peke yake hayatoshi kuyatofautisha.

"Saumu, kila jani na mguu wake," aliwaambia, wakifukua udongo kwa vidole. "Ua la Maria, ndugu wawili mguu mmoja. Na kama mguu huuoni?"

"Tunafikicha," walijibu.

"Tunafikicha, tunanusa. Halafu?"

"Tunanawa!"

"Kwa nini tunanawa?"

Zoja ndiye aliyejibu, msichana wa miaka mitano mwenye makamasi na maswali yasiyokwisha. "Kwa sababu kidole kinakuwa mwongo. Kikishika saumu mara moja, kila kitu kinasema saumu. Hata kiatu."

Zoja alirudi nyumbani na koti jeupe lililogeuka rangi ya kahawa. Mama yake, Lidija, hakungoja hata chakula cha jioni. Alimpigia Mkuu simu na kumwambia kwamba mwanawe si nguruwe wa kufukua msitu.

"Jerneja, mwanangu," Mkuu alimwambia siku ya pili, kwa ile sauti yake ya kumlaza mtoto mchanga. "Mkataba wako unaisha Juni. Mimi nataka kuuongeza. Usinifunge mikono."

Jerneja alimeza. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hiki kilikuwa chekechea cha tatu kumpa mkataba wa mwaka mmoja, na bonde zima halikuwa na kingine. Alimeza tena alipopewa kadi, ishirini na nne, zilizofunikwa kwa plastiki ngumu. Jumatatu aliinua ya kwanza mbele ya watoto waliokaa mikono magotini kama abiria.

"Hii ni nini?"

"Plastiki," alisema Zoja.

"Na ndani ya plastiki?"

"Karatasi."

Wenzake walicheka. Jerneja hakucheka. Wiki nzima aliinua kadi na kushusha kadi, na hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, haipandi haishuki.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi. Ukumbini viti vilipangwa, kadi zilitungikwa kwenye uzi kama nguo, na jikoni Milka, mpishi, alikuwa na bakuli kubwa la jibini laini likingoja saumu ya kupaka kwenye mkate. Jerneja aliingia na Zoja kuchukua vikapu vya mkate. Mkuu alikuwa amesimama mezani, mikono kiunoni, mbele ya kikapu cha majani.

"Nimeyachuma mwenyewe alfajiri," alisema. "Nyuma ya nyumba yangu ya wikendi. Kazi hii ilimshinda hata marehemu mama mkwe."

Majani yalikuwa mabichi, yanang'aa, yamekatwa kwa mkasi sawasawa kama nywele za askari. Miguu yote ilikuwa imebaki msituni. Kabla Jerneja hajasema neno, Zoja alikwisha chomoa jani la pembeni. Alilifikicha, akanusa, akakunja uso.

"Hili halinuki."

"Weka chini," alisema Mkuu. "Tulikubaliana nini? Hatugusi."

"Lakini halinuki."

"Una mafua, mpenzi." Mkuu alimnyang'anya jani, akalifikicha, akanusa vidole vyake. "Saumu tupu. Milka, katakata, wazazi wanakuja."

Milka aliinua kisu. Mwiba ule kooni mwa Jerneja ukatoka.

"Usikate."

"Jerneja."

"Ulinawa, Mkuu? Baina ya jani na jani, ulinawa?"

"Nimechuma saumu kabla hujazaliwa."

"Sikuuliza hilo. Umeshika saumu tangu alfajiri. Hivyo vidole vyako sasa hivi vikishika kinyesi cha ng'ombe vitakuambia ni saumu. Mtoto wa miaka mitano anajua, na wewe umetubandikia tangazo."

Mkuu aligeuka mwekundu kuanzia shingoni. Jerneja alikivuta kikapu kifuani akakikumbatia kwa mikono miwili. Milka aliweka kisu chini polepole.

"Mimi sikati jani ambalo watu wawili wanaligombania," alisema. "Mkuu, nawa tu. Maji hayana bei."

Mkuu alinawa. Alinawa kwa sabuni, kwa hasira, akirusha maji hadi kwenye jibini. Jerneja akampa lile lile jani la Zoja. Alilifikicha, akalipeleka puani, akalirudisha puani mara ya pili. Halikunuka.

Milka, ambaye mikono yake ilikuwa safi, alichomoa mengine moja moja, akinawa kila mara. La sita halikunuka. La kumi na moja halikunuka.

Mkuu alikwenda akaufunga mlango wa ukumbini. Alipogeuka, ile sauti ya kumlaza mtoto ilikuwa imerudi.

"Yatupwe yote. Wazazi tutawaambia jibini limechacha. Hakuna aliyeumia, hakuna sababu ya kutisha watu. Na mkataba wako, Jerneja, hakuna haja ya kungoja Juni. Nitausaini leo."

"Jibini halijachacha," alisema Zoja, aliyekwisha chovya kidole.

Jerneja alikitazama kikapu. Juni ilikuwa mkononi mwake. Yatupwe, na nani atajua?

"Na ule mfuko?" aliuliza Milka.

"Mfuko gani?"

"Ule wa majani, uliompa mama Zoja mlangoni asubuhi. Ulisema ni wa kupatana."

Mkuu alifuta mikono kwenye taulo, kidole baada ya kidole. "Nitamwambia kando. Baadaye, shughuli ikiisha."

"Baadaye," alisema Jerneja. Neno hilo lilimtoka taratibu, na alishangaa jinsi lilivyo zito. "Mtoto huyu hapa. Atakayelishwa ni huyu hapa, amesimama mbele yako, na wewe unasema baadaye."

"Ukiufungua huo mlango ukapiga kelele, usinilaumu."

"Sitapiga kelele."

Aliufungua. Wazazi walikuwa wamejaa ukumbini, magoti juu kwenye viti vya watoto, wakizitazama kadi. Lidija alikuwa mstari wa mbele, koti la rangi ya maziwa, mkoba mapajani, na kwenye mdomo wa mkoba mfuko wa karatasi ukichungulia.

"Leo hakuna mkate wa saumu," alisema Jerneja. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Kwenye kikapu kilichochumwa kwa ajili yetu tumekuta ua la Maria, majani matatu mpaka sasa. Mama Zoja, mfuko wako umetoka kwenye kikapu hicho hicho. Usiupeleke nyumbani."

Nyuma yake Mkuu alianza kusema kwamba kumetokea hali ndogo, na kwamba kila mmoja akae mahali pake.

Lidija hakukaa. "Nani amekwambia ni ua la Maria?" aliuliza.

"Mimi," alisema Zoja. "Njoo. Kwanza unanawa."

Mabeseni ya chekechea yamewekwa chini, kimo cha mtoto. Lidija alipiga magoti kwenye vigae, mikono ya koti lake ikaingia majini hadi viwiko. Zoja alisimama juu yake na mfuko, akampa jani la kwanza.

"Linanuka saumu," alisema Lidija.

"Nawa tena."

Wazazi walikuwa wamesimama mmoja mmoja, wanapanga foleni kwenye mabeseni mengine. Mkuu alirudia kwamba kila mmoja akae. Maji yalikuwa yanamwagika kwa nguvu, na hakuna aliyegeuka.

"Na hili?" aliuliza Zoja.

Lidija alilifikicha, akanusa, akanusa tena, na akabaki magotini na jani lile puani.