Aliyeitika Mistari ya Juu

Dafrosa, ambaye shamba lake linapakana na lile la korosho analosimamia Goreti kule Mandawa, anasema alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Alikuwa anachuma majani ya kunde asubuhi, umande bado umejaa, Goreti akiwaita vibarua majina kabla ya kupuliza salfa, dawa ya kuzuia unga mweupe kwenye mikorosho. Likatajwa jina la Abubakary. Na Abubakary, aliyezikwa Malolo wiki tatu nyuma, akaitika kutoka mistari ya juu ya mikorosho: nipo.

Goreti hakumbishia. Jina alilitaja kweli, ulimi ulishazoea. Kwenye orodha, akitoka Abdalah anafuata Abubakary. Na sauti aliisikia. Alidhani ni utani wa mtu, akawahesabu, wote kumi na mmoja walikuwa mbele yake, midomo imefungwa.

Dastani, mmoja wa vibarua, ndiye aliyejaribu kuwachekesha. "Dada, kama amerudi mpe na mistari yangu. Yeye kifua hakimbani tena."

Hakucheka mtu. Waliweka mashine za kupulizia chini, mmoja mmoja, wakaondoka.

Siku ya nne walikuwa hawajarudi, na ule ugonjwa wa unga mweupe ulishashika maua ya mistari ya chini. Mwenye shamba alipiga simu kutoka Nachingwea, akasema watu wasiporudi kazini hadi Jumatatu ataleta msimamizi mwingine. Vibarua nao walimtuma Dafrosa na neno lao: aliyemwita marehemu ndiye amrudishe kaburini, na ruhusa akaiombe kwa mama yake. Bila hivyo hawakanyagi.

Goreti alikuwa akipuliza peke yake, mashine mgongoni. Kila alipoizima ili apumzike, alisikia nyingine inazimika kule juu, imechelewa kidogo, kama ya mtu anayemsubiri mwenzake. Huko juu ndiko kulikuwa na ile mistari miwili. Abubakary alikuwa ameomba aende nyumbani, kifua kinambana, naye Goreti akamwambia malizia kwanza hiyo miwili. Alimaliza. Kesho yake akafia hospitali.

Jumamosi Goreti alipanda bodaboda mpaka Malolo. Bi Mwanaima, mama yake Abubakary, alikuwa uani anapepeta ufuta. Goreti alimwamkia, akakaa chini, akaeleza yote, hata ile mistari miwili hakuificha. Mama aliendelea kupepeta mpaka maneno yakaisha.

"Sauti yake ilikuwaje, mwanangu? Ya kubanwa?"

"Hapana, mama. Ilikuwa nzima."

Bi Mwanaima akauweka ungo chini.

"Kesho nitakuja na unga wangu mwenyewe wa kumwaga chini na kumwombea, wewe utamwambia aende. Ruhusa nimekupa." Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. "Ila kabla hujamrudisha, mwite mara moja tu. Na mimi nimsikie."

Goreti aliwaza, Abubakary akiitika mara ya pili, na mama yake amesimama pale, ni nani atakayeweza kumwambia aende. Kuku wawili wakausogelea ungo, wakaanza kudonoa ufuta. Bi Mwanaima hakuwafukuza. Alikuwa anamtazama Goreti, anasubiri.